Torpido inayosikiliza haimjui adui yako

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu ukurasa wenu wa gemu wa wiki iliyopita, pale mwandishi aliposema kwenye gemu za nyambizi ukishafika mwaka 1943 ukapewa torpido zinazojiongoza (torpido ni bomu linalokwenda lenyewe chini ya maji) basi kazi imeisha, unabonyeza tu na torpido inamtafuta adui yenyewe mpaka impate. Hapana jamani, sio hivyo kabisa. Mimi gemu hizi nimezicheza miaka mingi, hasa zile za Vita Kuu ya Pili upande wa Atlantiki, na nimeona wachezaji wapya wengi wanakata tamaa kwa sababu waliambiwa maneno hayohayo, wanarusha zote wanakosa zote alafu wanasema gemu mbovu. Gemu haina shida, ila hakuna aliyewaeleza torpido yenyewe inafanyaje kazi.

Torpido yenyewe inayojiongoza ni ile T5, Wajerumani waliiita Zaunkönig, na haina macho. Kichwani ina masikio tu, inasikiliza kelele za propela, upande wenye kelele zaidi ndo inakogeukia, basi. Haijui bendera, haijui hii ni manowari na ile ni meli ya mizigo, na haijui kwamba wewe ndo uliyeirusha. Na ili isikie vizuri ilibidi ipunguzwe mwendo, manake ikikimbia sana yale maji yanayopita kichwani yanaiziba masikio, ndo maana torpido ya kawaida ya umeme inaenda noti 30 (noti ni maili ya baharini kwa saa) lakini hii inaenda 24, kama kilomita 44 kwa saa, na inakwenda mita 5,700 hivi inaishia hapo. Mchezaji akizishika namba hizo mbili kichwani mambo mengi yatamfungukia yenyewe.

Kwanza ni nani wa kumpiga. Hii silaha ilitengenezwa kwa ajili ya manowari za ulinzi zinazosindikiza msafara wa meli za mizigo, na inafanya kazi vizuri meli ikiwa kwenye mwendo wa kati, tuseme noti 10 mpaka 18. Chini ya hapo propela inazunguka taratibu, kelele ndogo, torpido inaweza kupita pembeni kama vile hakuna kitu. Juu ya hapo meli inakuwa ina mbio karibu sawa na torpido yenyewe, sasa itaifukuza mpaka lini? Kwa hiyo mtu anayeipiga T5 kwenye meli kubwa ya mizigo inayojikokota noti 7 anapoteza silaha adimu, meli kama hiyo torpido ya kawaida inaitosha kabisa ukipima vizuri mwendo na uelekeo wake. Mimi T5 sizigusi mpaka manowari ije. Na ukiona kati yako na manowari kuna meli nyingine inapiga kelele, subiri, usirushe, kwa sababu torpido itachukua ile itakayoisikia kwanza.

Pili kulenga, na hapa ndo nataka nikae kidogo kwa sababu ndo mwandishi wenu alipopotosha zaidi. Masikio ya torpido hayafiki mbali, ni mita mia chache tu, kwa hiyo bado ni kazi yako kuipeleka pale ambapo itaanza kusikia. Chukua manowari iliyo mita 1,500 kutoka kwako inapita mbele yako kwa noti 16. Ukiirusha torpido kuelekea pale unapoiona sasa hivi, torpido itachukua kama dakika mbili kufika, na kwa dakika hizo mbili manowari itakuwa imeshasogea karibu kilomita moja! Torpido inafika mahali patupu, haisikii kitu, inaendelea na safari yake mpaka betri inakufa. Hata ikibahatika kuisikia itaanza kuifukuza kwa nyuma ikiwa imeizidi noti 8 tu. Sasa ukilenga mbele ya meli kama unavyolenga na torpido ya kawaida, hata ukikosea mwendo wa meli kwa noti mbili tatu masikio yatakusaidia kurekebisha hilo kosa dogo. Hiyo ndo faida yake, inasamehe kosa dogo, lile kubwa hapana.

Kuna kitu kingine wachezaji wapya hawakijui. Ikitoka kwenye mrija wa kurushia torpido inaenda moja kwa moja kama mita 400 ndo inaanza kusikiliza na kuwa tayari kulipuka. Kwa hiyo manowari ikishakuwa juu ya kichwa chako usihangaike nayo, umechelewa, zama. Lakini hizo mita 400 zikiisha masikio yamefunguka, na wewe kama bado unakimbiza injini zako karibu hapo, kelele iliyo karibu zaidi ni yako. Sio hadithi, makepteni wenyewe wa wakati ule waliamriwa wakishairusha T5 kutoka omo, yaani mbele ya nyambizi, wazame mara moja mpaka mita 60 na kukaa kimya, na wakiirusha kutoka tezi, yaani nyuma, wanyamaze kabisa. Mimi imewahi kunikuta kwenye gemu, nimerusha, nikabaki juu naangalia na periskopu nione mlipuko, injini zote zinafanya kazi, kumbe torpido inageuka taratibu inarudi kwangu. Nyambizi niliyoitunza doria tisa ikaenda na watu wote. Niliumia kweli, na tangu siku ile napenda kurusha kutoka mrija wa tezi, nyambizi imeshaipa manowari mgongo, nazima mashine naacha bahari inyamaze.

Alafu ukiwa chini umetulia utasikia mlipuko, na hapo usishangilie haraka. Torpido hizi zilikuwa na tabia ya kulipuka kwenye lile povu linaloachwa nyuma ya meli bila kuigusa meli yenyewe. Septemba 1943 zilipotumika mara ya kwanza kwa wingi, kwenye misafara ya ON 202 na ONS 18 iliyokuwa imeunganishwa, manyambizi wa Ujerumani waliripoti wamezamisha manowari 12 za ulinzi, wakati zilizozama kweli ni tatu, St. Croix, Polyanthus na Itchen. Ya nne, Lagan, ilikatwa tezi ikavutwa mpaka nyumbani, na hiyo yenyewe inakuonyesha torpido inakwenda wapi, moja kwa moja kwenye propela. Waliripoti 12 kwa sababu walikuwa chini kimya, wanasikia mlipuko wanahesabu. Kwa hiyo sikiliza na haidrofoni, kile chombo cha kusikilizia sauti za chini ya maji, propela ya ile manowari imenyamaza au bado inazunguka? Kama bado inazunguka iko hai na inakutafuta.

Gemu nzuri pia haikuachii raha hiyo muda mrefu. Baada tu ya mapigano yale ya Septemba 1943 Waingereza walileta Foxer, chombo cha kelele kinachovutwa nyuma ya meli, kinapiga kelele kuliko propela ili torpido ikifuate chenyewe. Ukikutana nacho kwenye gemu, ukirusha kutoka nyuma ya meli umeipa zawadi Foxer. Ukirusha kutoka mbele una nafasi nzuri kidogo kwa sababu torpido inakutana na meli kabla ya chombo. Foxer nayo ina gharama zake, meli inayoivuta haiwezi kukimbia sana na ile kelele inawasumbua wao wenyewe wanapokusikiliza, kwa hiyo ukiisikia hiyo kelele kwenye haidrofoni wakati mwingine jambo la busara ni kuacha kurusha na kuondoka polepole wakati masikio yao yameziba.

Na kwa wanaosema haya mambo ni ya kwenye gemu tu, nyambizi U-505 iliyotekwa na Wamarekani tarehe 4 Juni 1944 ilikuwa na torpido hizi ndani, wakapata kuzichunguza, na nyambizi yenyewe mpaka leo iko makumbusho Chicago.

Ndugu Mhariri, naomba mtoe marekebisho kwenye ukurasa uleule ili waliosoma mwanzo waone. Kama nafasi ni ndogo, wekeni hili la kuzama mita 60 na kuzima injini, hayo mengine mtu atajifunza akiwa bado hai.

Msomaji wenu wa siku zote