Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka tuliomaliza

Assalaam alaykum wanachama wenzangu wa chama chetu cha historia, natumai wote hamjambo.

Shughuli za kawaida sitazirudia, waliokuwepo wanazijua. Tumekwenda kusoma Nyaraka, ile hifadhi ya kumbukumbu za zamani pale Kilimani, mara 7, tumezunguka Mji Mkongwe mara 4 kutizama milango (ile ya zamani yenye kizingiti cha juu kilichonyooka na ile ya upinde iliyokuja na mtindo wa Kihindi, sasa hata watoto wetu wanaitofautisha), tukapita kazi za Sinclair, yule Mwingereza msanifu majengo, kuanzia Mahakama ya Vuga mpaka jumba la makumbusho la Beit el Amani la 1925, tukala biriani, basi. Barua za kuomba ruhusa zote nimeandika mie, nataja tu iwemo kwenye kumbukumbu.

Sasa hili la picha, lile mnalonilaumu kwamba nimetumia pesa za Pemba bila ya mkutano, maana najua ndo mnalolisubiri. Ni kweli mfuko wa safari ya Pemba ulikuwa na shilingi 910,000, na ni kweli 780,000 zimekwenda kwenye nakala za picha na ramani za zamani, kuzikuza na kuzitia fremu, zimebaki 130,000. Na ni kweli mkutano haujapitisha. Lakini mkutano gani jamani? Nimeita mwezi wa tatu wakaja watu 9, nikaita tena mwezi wa tano wakaja 6 na mmoja kati yao kamfata mumewe tu. Akidi yetu 20. Nikakaa na mweka hazina tukaamua, sasa waliokuwa wamelala majumbani wameamka wote kwenye grupu la WhatsApp.

Mwenzetu mmoja kaandika picha si zipo Nyaraka, ziende wapi? Zipo, haya, nani kati yenu anakwenda kuzitizama? Chukueni ile moja tu ya Forodhani kabla ya 1896. Beit al-Ajaib hiyo, jumba alilolijenga Sultani Sayyid Barghash 1883, mbele haina mnara! Mnara uko nje peke yake, wa taa na saa, na jumba nyuma yake limenyooka tu. Waingereza walivyopiga mizinga Agosti 27, 1896, haikufika hata saa moja mnara ule umeharibika na Beit al-Hukm, jumba la jirani yake, nayo imekwisha, ndo baadae wakajenga mnara mwengine ukiwa umeshikana na jumba lenyewe. Huo ndo ulioporomoka Disemba 25, 2020 na upande mzima wa jengo. Nusu yetu tukiamini mnara ulikuwepo toka siku ya kwanza, na mie nimo, miaka yote naongoza watu pale nawaeleza makosa. Magofu ya Pujini kule Pemba yapo toka enzi za mtawala wa zamani Mkama Ndume, mwaka mmoja yatatusubiri.

Halafu naambiwa eti nimepamba sebule yangu. Picha 22 na ramani 6 ziko kwangu kwa sababu chumba chetu kinavuja, masika yaliyopita tumeanika madaftari juani siku tatu nzima na wengi wenu hamkuja hata kuyageuza. Anaetaka kuziona apige hodi, chai ipo. Mpaka leo wamekuja watu 4.

Ada sasa. Tuko wanachama 64, waliolipa 23, kwa 12,000 kila mmoja ni 276,000, na kodi ya chumba peke yake imekula 240,000. Wanaopiga kelele zaidi juu ya pesa za Pemba wawili kati yao hawajalipa miaka miwili, majina siyataji, wanajijua.

Mwaka huu inshaallah tunataka kuonesha hizi picha mahali, tukipata mahali, na Pemba tutakwenda Mungu akijaalia na mfuko ukijaa. Paa pia tunalifikiria.

Mkutano ni Jumapili baada ya laasiri. Mweka hazina atakaa mlangoni na kitabu cha risiti.

Mwenyekiti wenu