Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Fungu la Sherehe na Mengineyo

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida za chama chetu cha kuwasaidia wakimbizi na wahamiaji mnazijua, sitawachosha. Madarasa ya lugha ya jioni yaliendelea, watoto waliandikishwa shule, familia mpya zilipatiwa magodoro na vyombo, na watu walisindikizwa uhamiaji kila tulipoitwa. Mara nyingi aliyeitwa ni mimi, lakini hilo tuliache.

Lipo jambo linalosemwa sana pembeni. Ni kweli, fungu la sherehe ya Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni, nililielekeza kulipa wakalimani. Ni kweli pia kwamba sikuitisha mkutano. Niliwapigia simu wajumbe wa kamati: kati ya 9, watano walikubali, wawili walikataa, wawili hawakupokea. Anayedai nilijiamulia peke yangu awaulize hao watano.

Sababu ni hii. Nilikaa hospitalini na mama mmoja aliyekuwa akitafsiriwa na mwanawe wa miaka 11. Daktari akataja uvimbe kwenye kizazi. Mtoto alinyamaza, kisha akasema, "Mama, unywe maji mengi." Sikumlaumu. Nusu ya maneno hakuyajua, na nusu aliyoyajua aliona aibu kumtamkia mamaye. Kwenye usaili wa kuomba hifadhi ni hatari zaidi: tarehe moja ikitafsiriwa vibaya, mtu anaonekana mwongo.

Wengine walisema hiyo ni kazi ya serikali. Mkataba wa Geneva wa 1951 kuhusu wakimbizi, ibara ya 22, unampa mtoto wa mkimbizi elimu ya msingi sawa na raia. Mkalimani wa kumsaidia mzazi anapoitwa na mwalimu hatajwi humo, na mhamiaji asiye mkimbizi mkataba wenyewe haumhusu. Tungengoja mpaka lini?

Wakalimani walifanya kazi mara 47: hospitali 22, shule 16, usaili 9. Ngoma na maturubai vingekuwa vya siku moja. Nakiri tangazo lilichelewa, na kina mama waliokwisha kujiandaa waliudhika kwa haki.

Sasa mahudhurio. Tuko 86 daftarini. Mkutano wa robo ya tatu walikuja 14, akidi haikutimia, tukarudi nyumbani. Wanaoililia sherehe ni wengi kuliko niliowahi kuwaona kikaoni. Ada waliomaliza ni 31, waliolipa nusu 20, na 35 hawajatoa chochote, wakiwamo wawili wanaoniandikia usiku wa manane kuuliza fedha zimekwenda wapi. Hesabu anazo mweka hazina, na risiti zote zipo.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tunatarajia vijana wetu wenyewe wafundishwe ukalimani. Wafadhili tutaendelea kuwatafuta. Sherehe nayo ikiwezekana itarudi, ingawa siahidi ukumbi.

Daftari la ada liko mezani karibu na mlango. Mweka hazina atabaki hapo mpaka mtu wa mwisho atoke.

Mwenyekiti