Dola ya Roma iliozea kwenye sarafu

Mhariri,

Wanaosema Roma ilianguka mwaka 476 wanaruka karne mbili za sarafu mbovu. Mwaka 64 Kaizari Nero alipunguza uzito wa dinari, sarafu ya madini ya fedha ya Roma: ratili ya madini ya fedha iliyotoa sarafu 84 sasa ikatoa 96. Mwaka 215 Kaizari Caracalla akaja na sarafu ya dinari mbili yenye madini ya fedha ya dinari moja na nusu tu, wizi wa mchana. Watu wakaficha za zamani, mpya zikazagaa. Kufikia 268 sarafu hiyo ilikuwa shaba iliyopakwa madini ya fedha. Madini hayo hayakufika asilimia tano. Sarafu ikakosa thamani, kodi na posho za askari zikalipwa kwa nafaka na nguo. Matajiri wa mijini, waliozoea kugharimia mabafu na michezo kutafuta sifa, wakakimbia viti vya baraza la mji, maana kodi ya mji ikipelea walifidia wao.

Msomaji wenu