Mimi nilinukuliwa kwa penseli

Ndugu Mhariri,

Miaka nenda miaka rudi nalisoma gazeti lenu, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi matokeo ya mpira, na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Ila ile habari yenu ya juzi kuhusu mtafiti wa ikolojia ya misitu, mliyoipamba kwa picha yake ameegemea mti, imenishinda. Mmetuhesabia makala zake, mkatuhesabia mara alizonukuliwa na watafiti wenzake, mkamalizia na ile "h" yake kama mnaotangaza uzito wa bondia. Msitu wenyewe mkaupa sentensi mbili.

Nikamwuliza mjukuu wangu anayesoma Morogoro, hiyo h ni dude gani? Akasema ni kipimo alichokipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005: ukiwa na makala 30 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 30, h yako ni 30. Basi. Hakuna panapoulizwa kama mti ulioandikwa bado umesimama. Na anayeandika kuhusu dunia nzima kwa mpigo ananukuliwa kuliko aliyehesabu miche ya bonde moja la Usambara mpaka magoti yakamwuma. Ile makala ya Norman Myers na wenzake ya mwaka 2000, katika jarida la Nature, iliyotaja maeneo 25 duniani yenye utajiri wa viumbe ulio hatarini, milima yetu ya Tao la Mashariki na misitu ya pwani ikiwamo, imenukuliwa maelfu kwa maelfu. Sina ugomvi nayo, ilitutangaza.

Ugomvi wangu uko kwingine. Mimi nilikuwa mshika futikamba na panga katika misitu ya juu ya Muheza, upande wa Amani, msimu baada ya msimu. Kazi yetu ni kuzungusha kamba kwenye shina, mita 1.3 kutoka chini, kupigilia kibao cha namba, kisha kutaja mti. Siku moja ya mvua mgeni wetu, mtafiti, alitazama shina moja, akatazama juu, akaandika jina lake la Kilatini kwa uhakika kabisa. Nikamwambia siyo. Nikachanja gome kidogo, utomvu ukatoka mwekundu, nikamwambia huu ni mtambaa, mzee, na yule pale nyuma yako ndiye huyo unayemsema. Akanyamaza, akafuta kwa ufutio, akaandika upya kwa penseli kwenye daftari lililolowa. Jioni nikamweleza pia kuwa ule mti wa kuja, Maesopsis, ambao Waganda huuita musizi, unapandwa na hondohondo: anakula tunda huku, anaacha mbegu kule, na palipokatwa miti ndipo unapochipua kwa fujo. Nayo akaandika. Hapo, Mhariri, nilinukuliwa mara mbili kwa siku moja, na sijapata h yoyote. Miaka ikapita. Mjukuu akaitafuta makala aliyoiandika mgeni yule, ikadaiwa dola thelathini na kitu kuifungua, tukaipata kwa rafiki wa rafiki. Mtambaa umo. Hondohondo yumo. Kwenye shukrani, mfadhili ametajwa kwa jina, waliokagua majani yaliyokaushwa wametajwa kwa majina, hata programu ya kompyuta iliyochora zile grafu imetajwa kwa jina na toleo lake. Sisi tuliokanyaga siafu tumeandikwa "wasaidizi wa uwandani". Programu ya kompyuta ina jina, mimi sina!

Na wale vijana wa madodoso nao! Kila kiangazi wanakuja na karatasi zilezile: kuni mnapata wapi, msitu una faida gani kwenu, mnaona mabadiliko gani ya mvua. Mke wangu alimjibu mmoja, "Mwanangu, kasome nilivyomjibu mwenzako mwaka jana." Kijana akaandika na hilo. Jibu lenyewe halijawahi kurudi kijijini, na bango lililosimikwa pale njiani kutueleza umuhimu wa msitu wetu limeandikwa Kiingereza kitupu.

Napendekeza hivi. Kila makala inayotoka msituni kwetu ifuatane na karatasi moja ya Kiswahili, upande mmoja tu, herufi kubwa za kusomeka bila miwani, ibandikwe kwenye mlango wa ofisi ya kijiji kabla ya mvua za vuli, kwa pini nne, maana kwa mbili upepo wa huku unaing'oa. Chini yake yaandikwe majina matatu matatu ya waliobeba kamba. Kila atakayesimama akaisoma hadi mwisho, mtendaji apige mstari kwenye daftari, na idadi hiyo ndiyo gazeti lenu liichapishe safari ijayo, kando ya ile picha ya kuegemea mti.

Pini nitanunua mimi.

Mshika futikamba mstaafu,
Muheza, Tanga