Mashabiki wa James Bond Tunadai Ukweli, Hatudai Haraka

Tanga, Oktoba 2025

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji ili nijibu makala iliyochapishwa wiki mbili zilizopita katika kurasa zako za burudani, ambamo mwandishi aliwaeleza mashabiki wa filamu za James Bond, yule jasusi wa kubuniwa wa Uingereza mwenye namba 007, kuwa ni watu wasio na subira, wanaowapigia kelele watengenezaji kila siku kana kwamba filamu ni mkate unaookwa usiku ukauzwa asubuhi. Mimi ni mmoja wa mashabiki hao kwa zaidi ya miaka thelathini. Kelele zipo, silikatai hilo, na nyingine ni za aibu kama nitakavyoeleza huko mbele. Lakini mwandishi hakujishughulisha kuuliza kelele hizo zimetoka wapi, na kwa kutouliza ametudhulumu wengi.

Kwanza niseme kwamba kungoja si jambo geni kwetu. Filamu ya kwanza ilitoka Oktoba 1962, na kufikia 1967 Sean Connery alikuwa amekwisha kuigiza kama Bond katika filamu tano. Daniel Craig naye aliigiza tano, lakini zake zilichukua miaka kumi na mitano, kuanzia 2006 hadi 2021. Kazi imekuwa kubwa zaidi, gharama zimepanda, na mashabiki tumelizoea hilo pole pole bila kugombana na mtu. Tena kabla ya Craig tulikwisha kupita katika ukimya mrefu kuliko wote, kati ya filamu ya pili na ya mwisho ya Timothy Dalton, iliyotoka 1989, na GoldenEye ya Pierce Brosnan, iliyotoka Novemba 1995. Miaka sita ilipotea, sehemu kubwa yake ikiliwa na mgogoro wa kisheria kati ya wenye haki za James Bond na wamiliki wapya wa studio ya MGM, wasambazaji wa filamu hizo, kuhusu namna filamu za zamani zilivyokuwa zikiuzwa kwa vituo vya televisheni. Dalton, ambaye angeendelea, alijiuzulu 1994 kabla kazi haijaanza.

Miaka hiyo nilikuwa mwanafunzi, na sinema yetu ilikuwa kibanda cha video huku Ngamiani, chenye mabenchi ya mbao, televisheni moja iliyopandishwa juu ya kabati, na deki iliyofunikwa kitambaa ili isiingie vumbi. Mwenye kibanda alikuwa na ubao mweusi mlangoni, na kila Jumamosi asubuhi aliandika kwa chaki majina ya filamu za siku hiyo. Kila tulipopita tulimuuliza kama Bond mpya imefika, naye jibu lake halikubadilika kwa miaka yote hiyo: "Haijatoka, wanangu. Ikitoka mtaiona ubaoni." Hakuandika hata mara moja kitu ambacho kanda yake haikuwa mkononi mwake. Basi 1996, siku tulipokuta "007 MPYA" kwa herufi kubwa, hakuna aliyeuliza kama ni kweli. Tulikimbia nyumbani kutafuta kiingilio, na mimi nilisimama ukutani tangu mwanzo hadi mwisho kwa sababu mabenchi yalikuwa yamejaa saa nzima kabla. Sikumbuki kumsikia mtu akilalamika kwamba tumecheleweshwa.

Sasa tulinganishe na yaliyotupata kwa No Time to Die, filamu ya mwisho ya Craig. Filamu hiyo ilitangazwa kwamba itatoka mwishoni mwa 2019. Agosti 2018 mwongozaji Danny Boyle akajitoa kwa kutokubaliana na watengenezaji kuhusu kazi yenyewe, akaja Cary Joji Fukunaga, na tarehe ikasogea hadi Februari 2020, kisha Aprili 2020. Katika kupiga picha Jamaica, Mei 2019, Craig aliumia kifundo cha mguu akalazimika kufanyiwa upasuaji; mwezi uliofuata mlipuko uliokuwa umepangwa kwa ajili ya filamu uliharibu sehemu ya nje ya jengo maarufu la 007 katika studio za Pinewood, Uingereza, na mfanyakazi mmoja akapata majeraha madogo. Hayo yote tuliyapokea. Mtu akivunjika mguu, ni shabiki gani mwenye akili timamu atakayemwambia aharakishe?

Ulipoingia ugonjwa wa korona, jambo moja likatokea ambalo mwandishi wako angelijua asingetuita watu wasio na subira. Mwanzoni mwa Machi 2020, waendeshaji wa tovuti mbili kubwa za mashabiki wa Bond waliandika barua ya wazi kwa watengenezaji, wakiwaomba waiahirishe filamu, kwa hoja kwamba afya ya watu inatangulia mbele ya ratiba ya matangazo. Watu waliokuwa wamengoja tangu filamu iliyotangulia, ya 2015, na ambao walibakiwa na wiki chache tu waione, ndio walioomba wangoje zaidi. Siku mbili baadaye kuahirishwa kukatangazwa, hadi Novemba 2020. Mashabiki wengi waliunga mkono, nami nikiwamo, ingawa nilikuwa nimekwisha kupanga safari ya Dar es Salaam na mpwa wangu ili tukaione kwenye jumba la sinema lenye viti vya kuegemea, tofauti na ukuta wa Ngamiani.

Kilichofuata ndicho kilichotuchosha. Oktoba 2020 tarehe ikasogezwa tena hadi Aprili 2021, na Januari 2021 ikasogezwa hadi Oktoba 2021. Mpwa wangu alinitumia picha ya bango lililokuwa limetundikwa kwenye jumba lile: mahali palipoandikwa Aprili pamebandikwa ukanda wa karatasi nyeupe ulioandikwa Novemba kwa kalamu ya wino mzito, na ukanda wenyewe umeanza kubanduka upande mmoja, Aprili ikichungulia chini yake. Hata wimbo wa filamu, ulioimbwa na Billie Eilish na kutolewa Februari 2020, ulishinda tuzo ya Grammy Machi 2021, zaidi ya miezi sita kabla ya mtu yeyote wa kawaida kuiona filamu yenyewe. Uzinduzi ulikuja kufanyika London tarehe 28 Septemba 2021.

Najua ugonjwa haukuwa kosa la mtu, na sitaki kuwalaumu kwa kutojua yale ambayo hakuna aliyeyajua. Lakini tusisahau kwamba tarehe ya filamu kubwa kama hii si mchezo, maana wapo watu wanaoishi kwa tarehe hizo. Oktoba 2020, siku chache tu baada ya Bond kuahirishwa kwa mara nyingine, kampuni ya Cineworld ilitangaza kufunga kwa muda majumba yake ya sinema, 536 nchini Marekani na 127 Uingereza, na wafanyakazi wapatao 45,000 wakaguswa. Kampuni yenyewe ilieleza kwamba haiwezi kuendesha majumba bila filamu mpya za kuonyesha. Wauza bisi na wakata tiketi hawakuwa na kosa lolote pia. Ndiyo maana nasema tarehe ikitangazwa iwe imefikiriwa, na isipojulikana isemwe kwamba haijulikani, kama mzee wa Ngamiani alivyokuwa akisema.

Na hapa nafika kwenye hali ya sasa, ambayo kwa maoni yangu ndiyo chanzo halisi cha kelele zilizomkera mwandishi. Imetimia miaka minne tangu No Time to Die itoke. Katika kipindi hicho kampuni ya Amazon ilikamilisha ununuzi wa MGM kwa dola bilioni 8.45, lakini uamuzi kuhusu filamu za Bond ulibaki mikononi mwa Barbara Broccoli na Michael G. Wilson, mtoto na mtoto wa kambo wa Albert Broccoli, mmoja wa wazalishaji wawili walioanzisha mfululizo huu. Miaka ikapita bila mwigizaji, bila mwongozaji, bila neno. Ndipo Februari 2025 ikatangazwa kwamba Amazon MGM ndio watakaokuwa na kauli ya mwisho kuhusu maudhui. Siku hiyo hiyo Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, akawauliza watu kwenye mtandao wa X wangemchagua nani awe Bond ajaye.

Nilisoma swali lile nikiwa kwenye foleni ya benki, na naliandika hili kwa uchungu wa kweli: lilinivunja moyo. Baada ya miaka yote ile ya kutoambiwa chochote, la kwanza tulilopewa na mwenye mali mpya ni swali la kutufanya tubishane wenyewe kwa wenyewe. Na tulibishana. Kwa siku kadhaa hakukuwa na mazungumzo mengine. Tangu hapo, ni haki nikiri, mambo yamekuwa na nuru kidogo: Machi tulitajiwa wazalishaji, Amy Pascal na David Heyman, Juni tukatajiwa mwongozaji, Denis Villeneuve, na baadaye mwandishi wa skripti, Steven Knight. Kila tangazo kati ya hayo lilituliza watu kuliko mahojiano kumi ya kutuomba tuwe na subira. Sote tunajua kwamba Villeneuve ana filamu nyingine kubwa inayotarajiwa Desemba 2026, kwa hiyo hakuna anayemtegemea amalize Bond kesho. Mtu akijua mwenzake yuko kazini, humngoja kwa utulivu.

Wala sisi mashabiki wa siku nyingi hatuitaki filamu ya haraka, kwa maana tumeiona haraka inavyofanya kazi. Quantum of Solace ya 2008 ilianza kupigwa picha mwezi Januari, katikati ya mgomo wa waandishi wa Hollywood ulioanza Novemba 2007, na skripti ilikuwa haijakamilika. Craig mwenyewe alikuja kueleza baadaye kwamba yeye na mwongozaji walilazimika kuandika matukio wao wenyewe huku kazi ikiendelea, na kwamba yeye si mwandishi. Ukiitazama leo unauona mgomo ule ndani ya filamu: mahali watu wangezungumza, kuna magari yanayofukuzana. Kinyume chake, iliyofuata ilisimamishwa Aprili 2010 kwa sababu MGM ilikuwa imezama katika madeni, na Novemba mwaka huo studio ikaomba ulinzi wa sheria ya ufilisi. Tuliambiwa waziwazi kwamba kazi imesimama na sababu yake ni hii. Tukangoja miaka minne kati ya filamu hizo mbili, ikaja Skyfall, mwaka 2012, ambayo mapato yake yalizidi dola bilioni moja. Ni kungoja kule kule kwa miaka, lakini mara ile tulijua tunachokingojea.

Sasa nirudi kwenye aibu niliyosema nitaieleza, kwa sababu nisingependa mashabiki wenzangu wasome barua hii wakidhani ninawatetea kwa kila jambo. Wapo kati yetu ambao ukimya huu wameujaza kwa matusi. Craig alipotangazwa mwaka 2005 ilifunguliwa hadi tovuti ya kuwahimiza watu wamsusie kwa sababu nywele zake ni za rangi ya dhahabu, na mwaka uliofuata akatupa Casino Royale, ambayo mojawapo ya matukio yake ya mwanzo yanatokea Mbale, Uganda, ingawa picha zenyewe zilipigwa Uingereza. Waliomsusia wengi wao walikuja kumsifu. Lakini lililofanywa kwa Idris Elba, Mwingereza mwenye asili ya Sierra Leone na Ghana, ni baya zaidi. Jina lake lilitajwa na mashabiki kwa miaka mingi, na kila lilipotajwa wapo waliomrukia kwa rangi ya ngozi yake, hadi mwenyewe akaeleza hadharani kwamba jambo lililokuwa likimpa fahari lilimchukiza kwa sababu hiyo. Nimeona maneno ya namna hiyo yakirudiwa hata kwa Kiswahili, na vijana wa hapa hapa, kuhusu mwigizaji ambaye hata hajatangazwa. Hasira ya kucheleweshwa haimpi mtu ruhusa hiyo, na anayeandika hivyo asijiite shabiki mwenzangu.

Kwa wenye mali, ombi letu ni dogo. Hatuombi tarehe ya kutoka, kwa kuwa tumekwisha kuona tarehe zinavyobanduka kwenye mabango. Tunaomba kuambiwa kazi imefika wapi: kama skripti bado inaandikwa, semeni inaandikwa, kama mwigizaji hajachaguliwa, semeni hajachaguliwa, na kama mipango imebadilika, tuambiwe na ninyi kabla hatujaambiwa na wazushi.

Kwako wewe Ndugu Mhariri ninalo ombi pia. Katika miezi hii michache kurasa zako za burudani zimewataja waigizaji wanne tofauti kuwa ndio Bond mpya, kila mmoja kwa kichwa cha habari cha uhakika, na hakuna hata mmoja aliyetangazwa na wahusika. Wanafunzi wangu walinijia wakishangilia mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu hawakuleta gazeti. Naomba habari ya namna hiyo ikija, iandikwe kwamba ni uvumi, na aliyeitangaza atajwe. Isipokuwapo, nafasi hiyo wapewe wasanii wetu wa Bongo Movie ambao filamu zao zimekwisha kutoka na hazijaandikwa neno.

Wako,
Mwalimu na mpenzi wa sinema,
Ngamiani, Tanga