Mwanangu, bustani ya Mei inalimwa sasa hivi

Mwanangu,

Huku St. Paul, Minnesota, salama, mama yako mzima ila mgongo tu, jana nimeinama toka saa nne asubuhi mpaka jua linazama na jua lenyewe siku hizi linazama mapema kama linakimbia deni. Zile picha ulizonitumia za nyuma ya nyumba yenu mpya zilinikuta jikoni nikacheka peke yangu. Wewe! Wewe uliyekuwa unabaki kwenye gari na hedifoni masikioni mama yako anang'oa magugu juani, leo unaniuliza "mama hapa mboga zitakubali kweli?" Mungu mkubwa. Zitakubali baba. Ila ukamalizia kwamba mtaanza Mei theluji ikiisha, hapo ndo nikaona niandike barua, maana voisnoti zangu najua unazisikiliza kwa spidi mbili.

Usisubiri Mei. Mei ni ya kupanda, sio ya kuanza. Ukianza Mei utang'ang'ana na nyasi zenye mizizi kama kamba, udongo baridi umelowa, afu mpaka ukae sawa tayari Julai na kwenu Duluth, kaskazini huko, Julai na Septemba zimekaribiana sana. Mi bustani yangu ya mwakani naitengeneza sa hivi wakati naifunga ya mwaka huu, kwa hiyo ngoja nikusimulie nilivoifunga, uchukue la kuchukua.

Baridi ya kuua ilikuja wiki iliyopita. Usiku wenyewe unaujua hata bila simu, mbingu imejaa nyota, hamna wingu, hamna upepo, jani halitikisiki. Wingu ni kama blanketi, likiwepo joto la ardhi linabaki chini, likiondoka joto lote linapaa. Haya mambo sikuyajulia hapa. Kwa bibi yako Makete, ule upande wa Kitulo, mwezi wa sita na wa saba unaamka asubuhi umande umeganda juu ya majani na viazi vimekuwa vyeusi kama vimemwagiwa maji ya moto, na bibi yako anasimama pale shambani na khanga kichwani hasemi kitu. Watu wa huku kazini wanadhani sisi wote tumetoka kwenye joto, mi nawaacha tu. Tofauti ni kwamba kule inaunguza viazi afu saa nne jua limewaka, unavua sweta. Huku ikishaingia ndo imehamia.

Basi jioni ile simu inasema 28, yani kama nyuzi 2 chini ya sifuri za kwetu, nikakimbilia kule kwenye plot, kile kipande changu cha bustani, nimevaa bado yunifomu ya kazini. Vya kuokoa ni vile vya asili ya joto: nyanya, pilipili, mchicha, mnafu, matembele, kunde. Hivyo havina mjadala, vikiguswa mara moja asubuhi vimelala. Nimekuta yule bibi wa Kihmong, wale watu wa milima ya Laos, wa plot ya jirani ameshafika na mashuka yake ya zamani, anafunika pilipili zake mpaka chini kabisa kwenye udongo. Shuka liguse ardhi, usilifunge juu kama kilemba, maana hiyo hewa ya joto unayoitaka inatoka chini. Alinifundisha yeye miaka mingi iliyopita, kwa mikono tu, Kiingereza chake na changu vyote havikutosha siku hizo. Unajua tulivokuwa marafiki? Alinikuta nachuma majani ya maboga. Wazungu wote pale wanapita wananishangaa, yeye akaja akacheka akanionyesha kapu lake, na yeye kachuma ncha za maboga vilevile. Na mnafu wanakula! Nilidhani mnafu ni wetu peke yetu.

Sukuma usiifunike. Hata usiionee huruma. Ikipigwa na baridi mara mbili tatu yenyewe inageuza wanga wake kuwa sukari isigande, ndo maana sukuma ya Oktoba ni tamu kuliko ya Agosti na mkwe wangu akija Thanksgiving, ile sikukuu ya shukrani ya Novemba, atadhani nimeweka kitu. Kabichi na karoti nazo hivohivo. Karoti nimeziacha ardhini nimezilaza chini ya majani makavu mengi, nitachimba kidogokidogo mpaka ardhi ikatae.

Nyanya za kijani nilichuma ndoo mbili. Zile zilizoanza kupauka nimezifunga mojamoja kwenye gazeti nikazipanga kwenye boksi na ndizi moja mbivu, gesi ya ndizi inaziivisha, unakagua kila baada ya siku mbili iliyooza unatoa. Zile ngumu kabisa zimeenda kwenye achari. Maboga uchume kabla baridi haijayagusa, uache kikonyo chake, na usilibebe kwa kikonyo kama kikapu, kikikatika pale ndo kuoza kunaingilia. Yakae siku kama kumi sehemu yenye joto ganda likauke vizuri afu ndo yashuke bezmenti, kile chumba cha chini ya nyumba, sehemu kavu ya nyuzi 50 hivi za huku, kama 10 za kwetu, mpaka Februari unakula. Mawili makubwa ninayowatumia ni yenu.

Matembele nimechemsha dakika mbili, nikatumbukiza kwenye maji ya barafu, nikakamua, nikafunga kwenye mifuko ya friza mfuko mmoja mlo mmoja. Usiruke kuchemsha ukaona ni kupoteza muda, ukigandisha mbichi ikifika Januari imekuwa nyasi, haina rangi haina ladha. Kuna mama mmoja Msukuma tunasali naye, yeye friza haitaki, majani yake ya kunde anayachemsha anayaanika ndani juu ya meza na feni, nsansa kabisa kama ya Shinyanga. Alinipa kopo nikaweka karanga. Sitaki hata kukuhadithia, nilikula nikalala.

Mbegu sasa, hapa unisikilize. Mnafu uliobaki niliuacha makusudi mpaka vitunda vikawa vyeusi ti. Unaviponda kwenye bakuli la maji, mbegu nzima zinazama, maganda unamwaga, unasuuza mara tatu unaanika kwenye sahani ya karatasi. Mchicha unakata kichwa kikiwa kimekauka unakitikisa ndani ya mfuko wa karatasi, mbegu ni kama vumbi jeusi linalong'aa. Kunde ngoja maganda yalie kachakacha. Nimekuwekea zote kwenye bahasha nimeandika jina na mwaka, ziweke kwenye chupa yenye mfuniko ndani ya friji, sio dirishani. Mbegu hizi za mnafu nazizalisha mwenyewe huku mwaka wa saba, zimeshakuwa Wamarekani, dukani ungetafuta usizipate. Na vile vitunda vya kijani vya mnafu ni sumu, msije mkamwachia mtoto akavichezea. Najua mtoto mwenyewe anakuja Machi, ila mi naanza kusema sasa.

Kwa ajili ya mtoto huyohuyo nataka ufanye kitu kabla ya yote. Nyumba yenu ni ya zamani, na rangi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, waliipiga marufuku kwenye nyumba mwaka 1978 lakini iliyopakwa kabla ya hapo ikabanduka ikaanguka bado ipo chini, hasa karibu na ukuta. Chuo Kikuu cha Minnesota wana maabara ya kupima udongo hapa kampasi ya St. Paul. Unachimba vijiko sehemu nyingi tofauti, unachanganya kwenye ndoo safi, unatuma kwa posta, ila uwaambie wapime na risasi maana bila kuomba hawapimi hiyo. Sa hivi ndo wakati mzuri, ukisubiri Aprili kila mtu kaamka na wewe una haraka. Majibu yakija mabaya hatuachi kulima baba, tunajenga matuta ya mbao tunaleta udongo mwingine, nitakuja na mjomba wako na pikapu yake.

Zile nyasi usizichimbe. Chukua maboksi mliyohamia nayo, najua bado yamejaa gereji, toa gundi zote na stempu, tandaza juu ya nyasi yapandane pembeni pasibaki uwazi, mwagia maji, afu juu yake rundika majani ya miti mpaka magotini. Majani yenyewe bure, majirani zenu wanayafunga kwenye mifuko wanayatoa barabarani kama takataka, we pita na gari uombe, watakuona chizi halafu Agosti watakuja kuomba sukuma. Theluji italala juu yake miezi mitano, chini nyasi zinakufa minyoo inafanya kazi, Mei unafungua unakuta udongo mweusi. Ndo kulima kwenyewe huko, umelala ndani na chai yako.

Ule mti wa matufaha kwenye kona nimeuona pia. Uzungushie wavu wa chuma chini kwenye shina, uende juu kama futi mbili na nusu au zaidi, na chini uzame kidogo kwenye udongo. Kule sungura wanatembea juu ya theluji na wale panya wa shambani chini yake, hawana cha kula wanatafuna gamba la mti kuzunguka lote, na ukishatafunwa kuzunguka umekufa hata kama Aprili utajifanya kuchipua.

Afu mpira wa maji. Leo. Sio kesho. Uchomoe bombani, umwage maji yaliyobaki, ufunge ile koki ya ndani bezmenti inayopeleka maji nje, afu uache bomba la nje wazi. Mwaka wetu wa kwanza kwenye ile nyumba ya kwanza ulikuwa mdogo hukumbuki, mi niliacha mpira umeunganishwa baridi nzima kwa sababu kwetu bomba ni bomba tu, nani anafunga bomba. Maji yakaganda yakapasua ndani ya ukuta, na wala hujui mpaka masika unapofungulia, mi niko nje namwagilia vizuri naimba, bezmenti inajaa. Baba yako aliniita kwa jina langu kamili. Nililipa ile hela miezi minane.

Sasa vitunguu saumu. Hivi ndo zawadi yenyewe, vingine vyote ni kazi. Kwenye boksi atakaloleta mjomba wako nimekuwekea vichwa sita, ni vya kwangu, ile aina yenye shina gumu katikati ambayo inavumilia huku. Vya supamaketi usipande, vingi vinatoka kwenye joto na vingine wanaviwekea dawa visichipue. Tenganisha punje usiimenye, chagua kubwa ndogo ule, ncha juu kitako chini, inchi mbili kwenda chini na inchi sita kati ya punje na punje, afu funika na majani makavu au nyasi kavu inchi nne. Hiyo sehemu ndogo pekee unaweza kuchimba leo, pale karibu na uzio penye jua ambapo wenye nyumba wa zamani walikuwa na maua, mbali na ukuta. Kitunguu saumu bila kupita baridi hakigawanyiki punje, kinatoka kimoja cha mviringo kama kitunguu cha kawaida. Kinaihitaji hiyo baridi unayoilalamikia. Julai mnachimba.

Ila wikiendi hii baba, usipitishe. Mngekuwa chini karibu na Ziwa Superior ningekwambia una muda, ziwa lile linatunza joto la kiangazi linawachelewesha walio ufukweni, lakini nyie mko juu ya kilima, huko baridi inawahi. Na hawa watu wa Minnesota wakikuanzia habari ya Halloween, ile sikukuu ya mwisho wa Oktoba, ya mwaka 1991 wasikilize japo watakuchosha, kila mzee ana hadithi yake na alikuwa wapi, hapa Twin Cities, yani St. Paul na Minneapolis, ilishuka theluji inchi 28 na pointi, kwenu Duluth karibu inchi 37. Watoto walivaa makoti juu ya nguo za mizimu. Nani alikuwa bado na vitunguu vyake kwenye boksi siku ile, fikiria.

Mjomba wako anakuja huko Ijumaa jioni, nimempa boksi: vitunguu saumu, bahasha za mbegu, maboga mawili, mifuko minne ya matembele kwenye kula (cooler, lile boksi la barafu) ile ya bluu, na nsansa kidogo ya mkwe wangu, mwambie aloweke kwanza. Kula irudi. Na lile beleshi langu ulilochukua mwaka juzi la kuondolea theluji nalo lirudi, mpe mjomba, mi natumia kijiko cha wali kuchimba karoti kama mwendawazimu.

Usiku huu wanasema 24. Ngoja nikachume sukuma ya kesho kabla giza halijaingia.

Mama yako