Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya Zanzibar: kabla ya kumtahiri mtoto, muulizeni mama yake

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Assalaam alaykum.

Mimi ni mama wa watoto wanne, mkaazi wa Wete, Pemba. Nakuandikia kwa ajili ya mwanangu wa tatu, ana miaka 9 na ana himofilia, maradhi ya kurithi ya damu kutoganda sawasawa, na kwa ajili ya watoto wa kiume watakaotahiriwa likizo ya Disemba inayokuja.

Wangu alitahiriwa akiwa na miaka 4, siku moja na binamu zake wawili. Jioni wale wawili walikuwa wameshakaa wanakula. Wangu kanga ya kwanza ilirowa, nikamwekea ya pili, nayo ikarowa. Mtahiri akaitwa, akafunga upya, damu ikatulia. Usiku ikaanza tena. Siku ya nne tulikuwa hospitali, keshashonwa mara mbili, keshaongezwa damu, na kila aliyeingia wodini aliuliza nani kamtahiri mtoto huyu. Hakuna aliyeniuliza mimi kitu. Nami nilikuwa nimekaa pale pale, nimemshika mkono, na jibu ninalo.

Kaka yangu wa kwanza alifariki kwa tohara kabla mimi sijazaliwa. Nyumbani tulikua tukiambiwa ngariba wake alikuwa na mkono mzito. Mtoto wa mama yangu mdogo alifariki kwa kung'olewa jino, ikasemwa husda. Watoto wawili wa kiume, wote wajukuu wa bibi mmoja mzaa mama, na sisi tukawalaumu ngariba na majirani.

Mheshimiwa, unajua kuliko mimi kwamba himofilia mara nyingi hupitia kwa mama. Kasoro inakaa kwenye kromosomu ya X, moja ya nyuzi zinazobeba urithi mwilini. Mwanamke anazo mbili, ile nzima kwa kawaida humsitiri. Mtoto wa kiume anayo moja tu, na ikiwa ndiyo yenye kasoro, damu yake inakosa protini ya kugandisha, faktori ya 8 au ya 9. Sasa tazama tohara yetu inavyokwenda. Ni shughuli ya wanaume. Baba ndiye anayempeleka mtoto, baba ndiye anayeulizwa kama mtoto mzima, na baba anajibu kwa uaminifu kuwa kwao hakuna maradhi yoyote. Anasema kweli. Maradhi yako kwetu.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza halina gharama. Kila anayetahiri Unguja na Pemba, wa hospitali na wa mtaani, asishike wembe mpaka mama wa mtoto, au bibi mzaa mama, aulizwe: je, kwenu kuna mwanamme aliyetoka damu ikakataa kusimama? Masheha wanaweza kulifikisha hili kila nyumba. Najua swali peke yake halitawakamata wote, maana kiasi cha thuluthi moja ya wagonjwa huzaliwa katika koo ambazo maradhi haya hayajawahi kuonekana. Ndiyo maana naomba pia kipimo cha APTT, kinachopima damu inachukua muda gani kuganda, kipatikane Pemba siku zote. Mwanangu tulimjua ana nini baada ya kuvuka bahari mara mbili, Unguja kisha Dar es Salaam.

Himofilia A, ile ya kukosa faktori ya 8, humpata takriban mtoto 1 katika kila wavulana 5,000 wanaozaliwa. Sensa ya 2022 ilihesabu Pemba zaidi ya watu nusu milioni. Piga hesabu, Mheshimiwa, utaona wangu hawezi kuwa peke yake. Wenziwe wako wapi? Wengine nadhani tumeshawazika. Wengine ndio wale vijana wa goti moja lililokauka ambao mitaani tunawaita viwete.

Maana baada ya tohara maradhi huhamia kwenye viungo. Mwanangu hulijua goti lake kabla halijavimba. Huniambia, "Mama, sisimizi wameanza." Nikiligusa, bado halina kitu. Baada ya muda linajaa, linang'aa, lina moto, na mguu haunyooki tena. Hapo panatakiwa dawa ya faktori, ile protini inayokosekana, mshipani haraka, ndani ya saa 2 ikiwezekana. Mimi nina barafu ya mfuko, bendeji na mto wa kuinulia mguu. Dawa iko ng'ambo, na meli haiondoki kwa saa ya goti la mtoto. Kila damu inayokaa mle inakula gegedu, ile tabaka laini ya kwenye ncha za mifupa, na gegedu ikishaliwa hairudi.

Ombi la pili ndilo hilo: faktori ya 8 na ya 9 iwekwe Pemba, Chake Chake au Hospitali ya Abdalla Mzee pale Mkoani, kwenye friji ambayo ufunguo wake unapatikana usiku. Shirikisho la Himofilia Duniani, lenye makao Montreal, hutoa dawa hizi kwa msaada kwenye nchi zisizojiweza kuzinunua, na Tanzania Bara wapo wanaozipata. Barua ya kuomba fungu la Pemba ni ya ofisi yako, si ya mama wa Wete.

Na kila mgonjwa apewe kadi isemayo asidungwe sindano ya msuli wala asipewe aspirini au diklofenaki. Mwaka jana muuguzi, kwa nia njema kabisa, alishavuta dawa kwenye sindano amdunge takoni. Nikamzuia kwa mkono wangu, akaniona mkorofi.

Mdogo wangu wa kike amejifungua mtoto wa kiume mwezi uliopita. Mume wake anataka atahiriwe mapema, akiwa bado mchanga. Nimewaomba wangoje mpaka apimwe, na wanangoja.

Wako mtiifu,
Mama wa mgonjwa,
Wete, Pemba.